Jengo la Wazazi la Kata Yenu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba kwa kusimama wodini, na wanao, wajomba zangu, wanakwenda shule bila vituko. Huku hatujambo. Mama goti limempa nafuu, ulimi ndio haujawahi kuugua; anauliza lini utakuja umsuke. Wifi yako naye mzima. Anasema nguo uliyomshonea inambana, ila hairudishi.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa sitamaliza.

Nadhani ulimsikia Meya redioni akisoma taarifa ya nusu mwaka. Mapato ya jiji yamevuka lengo, wakandarasi karibu wote wameshalipwa, soko kuu limeezekwa. Nilikuwa sebuleni na Mama, kikombe cha chai mkononi. Taa za barabarani zimekamilika: kata yenu. Mitaro: kata yenu. Maji ya bomba: kata yenu tena, utadhani jiji zima lina diwani mmoja, naye ni mumeo. Ilipofika zamu ya kata yangu, mimi diwani mwenzake, Meya alisema utekelezaji unaendelea vizuri, akakohoa, akaenda ukurasa mwingine. Mama akapiga makofi, akasema mkwe wake ana mkono wa baraka. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa kama sisi huwa tunapeleka maombi au tunangoja kukumbukwa. Nikainuka kwenda kuongeza chai, na kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Unajua watu wa kata yangu wananiitaje? Mheshimiwa Mchakato. Eti kila wakiniuliza jambo, nawajibu liko kwenye mchakato. Mumeo wanamwita Fundi, kwa ile kazi yake ya umeme, na wanalitamka kwa mapenzi. Mimi niliyesomea utawala, niliyemzungusha mtaa kwa mtaa alipogombea mara ya kwanza, wakati hajui hata kushika kipaza sauti! Juzi nilipita naye sokoni, mama mmoja akamshika mikono yote miwili, halafu akaniuliza kama mimi ndiye dereva wake. Nilicheka pamoja nao. Kilichocheka ni meno tu.

Nikaanza kumtafutia kasoro. Nilipita mitaa yenu jioni kuangalia kama taa zinawaka. Zinawaka zote. Niliupiga teke mtaro nione kama saruji itabanduka. Kilichobanduka ni soli ya kiatu changu.

Basi kamati ya fedha ikakaa kugawa ile ziada ya mapato. Milango ilifungwa, kama kawaida. Pendekezo lilikuwa kumalizia jengo la wazazi kwenye kituo chako cha afya, lile lililobaki kuezekwa. Mumeo alisimama, akaeleza kwa maneno machache kwamba akina mama wanajifungulia chumba kimoja, pazia katikati. Hakukutaja, ingawa kila mjumbe alijua mkunga wa chumba hicho ni nani. Watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Mimi nikaiona tayari siku ya uzinduzi: utepe, ngoma, Mama kakaa mstari wa mbele kajipamba, anamshangilia mkwewe.

Mmeambiwa ujenzi umesimama kwa sababu za kitaalamu. Mdogo wangu, hakuna utaalamu wowote. Ni mimi. Nilisimama nikasema nimeona nyufa kwenye ukuta wa nyuma, na kwamba jiji lisijitie aibu kabla ya ukaguzi. Ukuta ule naujua, hauna hata mkwaruzo. Lakini mimi nikiongea taratibu nasikilizwa, na jambo likaahirishwa. Wala fedha hazikuja kwangu. Zimekwenda kusakafia maegesho ya magari ya madiwani.

Mumeo alinisubiri kwenye korido. Nilijiandaa kwa ugomvi, na kwa kweli niliutamani. Aliniuliza tu, “Shemeji, ufa uko upande gani? Nionyeshe nikauzibe.” Nikamwambia nitamwonyesha. Mlinzi wa kituo alinisimulia baadaye kwamba kesho yake Fundi alifika, akaupapasa ukuta wote kwa viganja, akajikung'uta vumbi, akaondoka. Kwangu hakupiga simu.

Halafu wiki iliyopita ukamsimulia Mama habari za yule binti aliyejifungulia kwenye benchi la nje kwa kuwa chumba kilijaa, wewe na mwenzako mmemkingia kwa shuka watu wasione. Ulisema mtoto ni mzima, ila mama yake alilia zaidi kwa aibu kuliko kwa uchungu. Mama akakuuliza ni nani aliyekwamisha jengo. Ukamjibu kwamba mumeo anasema ni kamati tu, hakuna mtu wa kulaumiwa. Mama aliponihadithia hayo, nilitoka nje nikajifanya nafunga geti.

Jana nimekwenda kwa Meya nikamwambia ukweli. Amesema maneno hayo nikayaseme kikaoni, mbele ya baraza zima na waandishi wa habari, ndipo suala lifunguliwe upya. Nitayasema Jumanne. Kiti nitakipoteza, kata yangu inaweza kunisamehe mchakato, hili haitanisamehe. Jengo litaisha, na mumeo atakata utepe.

Usidhani wivu umeniisha. Ninavyoandika bado unanichoma. Nimetaka ulisikie kwangu kwa sababu namjua mumeo: angekaa nawe mpaka uzeeni asikwambie kwamba ni kaka yako. Ameamua kunisitiri, na hata huo moyo wake namwonea wivu.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe kabla ya Jumanne. Wabusu wajomba zangu, na umpe Fundi salamu zangu. Ukiona huwezi kunijibu kwa sasa, nitaelewa.

Ni mimi,
Kaka yako