Mlango Ulifunguka Kwenye Mteremko wa Izigo

Bukoba, Tanganyika

Mdogo wangu Zuhura,

Tu wazima. Leo shemeji yako alikodi gari hapa Miembeni, aliendeshe mwenyewe, twende Muleba. Kwenye mteremko wa Izigo mlango wa upande wake ukafunguka, akachomoka, gari likaendelea na mimi peke yangu! Nikaurukia usukani, mimi nisiyejua hata baiskeli, nikaliingiza migombani, likazimika.

Mama mwenye shamba akaja mbio. “Pole waitu, pole mwenzetu! Dereva yuko wapi?”

Nikanyosha kidole kule juu mteremkoni. Nilidhani nimekuwa mjane. Mara namwona mume wangu anakuja, kanzu imechanika, analia kwa sauti. Miaka kumi ya ndoa, sijawahi kuona chozi lake.

Mbusu Mama. Mwambie huku mvua tu.

Dadako,
Mwanaisha