Vituo vya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo Kibonge wangu kamnyooshea bibi yake mikono, anataka kubebwa. Mama akaificha yake mgongoni kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Tangu ainuke kitandani na ule ugonjwa hajambeba mjukuu wake akiwa amesimama. Humpakata tu, nikimwekea mapajani. "Mikono imekuwa pamba," anasema, anacheka. Mimi sicheki.

Daktari wa viungo kasema ruhusa ipo. Mazoezi ya nguvu, ya mzunguko – unafanya hili, unahamia lile, mpaka duara linakwisha. Aanze taratibu. Ila tufuate ya nani? Kila mtu ana yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita ukumbi wa mazoezi nyuma ya shule. Kocha ni kijana, shingo hana, mabega tu. Ana darasa la watu wazima wanaoanza. Vyuma, ngazi ya kupanda na kushuka, mipira ya kuvuta, vyote vimepangwa duara. Akipuliza filimbi wote wanahama. Anasema mwezi mmoja tu Mama atambeba mjukuu na mama wa mjukuu juu. Nimetabasamu njia nzima.

Kwenye simu kuna dada anafundisha bure. Anarukaruka kama hana mifupa. Mama kamtazama, kauliza, "Huyu kazaa kweli huyu?"

Njia ya daktari ndiyo imepoa: kiti, ukuta, chupa za maji, pumzika. Hata muziki hamna. Moyo wangu uko ukumbini. Nina haraka, Mungu anisamehe. Natamani nimwone kambeba, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda ukumbini. Kocha katangaza: vituo ni sita, kila mtu kituo chake mpaka filimbi, kisha mnahama. Filimbi ikalia. Wenzake wakashika vyuma. Mama akafika kwenye ngazi – akaikalia. Akashusha pumzi. Filimbi ikalia tena, akanyanyuka mbiombio mpaka kwenye mipira, akakaa tena chini. Duara zima hivyo! Jasho linamtoka kwa kukimbilia kukaa.

Kocha akaja. "Mama mkubwa, mbona unakaa?"

"Si umesema kituo, mwanangu? Hata anayesoma kitabu, akifika kwenye kituo anapumua."

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Na Mama akacheka, lakini namjua. Alinishika kiwiko, hakukiachia mpaka nje.

Jumamosi, 8 Machi

Hataki kurudi. "Kuzeeka nimekubali. Kuzeeka hadharani, hapana."

Jumanne, 11 Machi

Basi, tumeshika njia ya daktari. Jikoni kwetu. Kiti – kukaa na kusimama. Ukuta – kuusukuma kwa viganja. Chupa za maji – kuinua na kushusha. Katikati anakaa. "Hiki sasa ndicho kituo," anasema, kajinyoosha kama mwenye nyumba.

Nimepima moyoni. Ukumbini kuna mwendo na watu wa kukusukuma, ila filimbi haimngoji mtu. Dada wa simu hamwoni anayemfundisha. Hii ya kiti haina mbwembwe na Mama anaiweza. Lakini taratibu jamani, taratibu! Na Kibonge naye anazidi kunenepa. Mikono ya Mama inafukuzana na uzito wa mtoto. Nikimnyonyesha namwambia, baba, pole pole, mngoje bibi.

Jumatatu, 24 Machi

Kainuka kitini bila kushika meza. Nami nikajifanya nachambua mchele.

Alhamisi, 3 Aprili

Kibonge kanyoosha tena mikono. Mama hakuificha yake. Kaitazama tu, huku na huku, viganja juu. "Bado, mume wangu," kamwambia mjukuu wake. Nimetoka kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Jumapili, 13 Aprili

Naandikia jikoni. Kibonge kaamka chumbani kwa Mama, analia. Nimeinuka niende. Mama kasema kupitia ukutani, "Kaa hukohuko, wewe."

Nimekaa.

"Haya, njoo, mume wangu. Usinirushie miguu."

Kitanda kimelia. Mtoto naye kanyamaza. Sasa nasikia kandambili zinaburutwa sakafuni, nzito, si mwendo wake wa siku zote. Zinakuja huku. Nikimsaidia atakasirika. Nisipomsaidia –

Zimesimama mlangoni. Naviona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Pazia halisogei. Anahema. Hana mkono wa kulisogezea