Kengele Yangu na Mhadhara Wako

Mpendwa Baba Njeri,

Nimekasirika, na kwa kuwa wewe ndiye chanzo, wewe ndiye utakayesikiliza. Wengine wote nimeshawaambia. Njeri amenishauri ninywe maji baridi. Majirani zetu hapa Kahawa Sukari wameisikia hadithi hii mpaka wakiniona getini wanakumbuka kwamba wameacha sufuria motoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya mhadhara wako. Ndiyo, bado wanaufanya, na huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Enzi zako ulikuwa mhadhara wa watu wote pale chuoni Ruiru, katika lile darasa lenye madirisha yasiyofungika, watu wakinywa chai ya birika na kubishana kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sasa umepewa jina lako na kuhamishiwa hoteli moja ya Thika yenye mazulia. Bango limeandikwa "Mtangamano wa Kanda katika Dunia Inayobadilika: Fursa na Changamoto." Ulikuwa ukisema kwamba mtu akikosa la kusema huweka fursa na changamoto. Basi wameziweka juu ya picha yako, tena ile picha usiyoipenda, ya tai ya zambarau.

Mimi huketishwa mbele. Natambulishwa kama mjane wa marehemu, nasimama, napunga mkono, napewa ua, naketi. Nimefundisha darasa la kwanza kule Murera mpaka nikastaafu, nimewafunza watoto wa watu kushika penseli, lakini pale kazi yangu ni kusimama na kuketi.

Unaikumbuka kengele? Usijifanye umesahau. Ile ya shaba yenye mpini wa mbao. Shule yetu ilipowekewa king'ora cha umeme, mwalimu mkuu alinipa kengele ya zamani iwe kumbukumbu yangu. Haikumaliza wiki nyumbani kabla hujaitia kwenye mkoba wako wa chuo. Hukuniuliza. Nilipokudai ukasema, "Mama Njeri, hii kengele imepata kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwanyamazisha wakubwa. Katika mhadhara wako wanafunzi walisoma kwanza, wageni baadaye, na kila mtu alipewa dakika kumi. Zikiisha, unapiga. Ulimpigia balozi. Ulimpigia mkuu wa kitivo, naye hakukusalimia muhula mzima. Siku ya ruracio ya Njeri, wakwe walipokuja kuzungumza mahari, msemaji wao, mzee mzima, alianza kusimulia ukoo wao tangu enzi za mababu, nikakuona unainama chini ya kiti. Nikajua. Nilikufinya, haikusaidia. Msemaji alinyamaza mdomo wazi, wazee wakatazamana, na dada yako akasema, "Ngai! Huyu mtu amelogwa na hiyo kengele." Nusura Njeri akose mume.

Na nyumbani je? Nikianza tu kukusema kuhusu viatu vyenye matope sebuleni, ngwe-ngwe-ngwe! Muda wangu umeisha. Ndiyo maana wikendi nikawa naificha kwenye debe la unga, Jumatatu nairudisha mkobani. Hukuwahi kuipata, kwa sababu hukuwahi kujua unga unakaa wapi.

Sasa kuna Mutheu. Mwanafunzi wako wa mwisho wa uzamifu, yule msichana wa Ngoliba anayeandika juu ya vitunguu vinavyotoka Tanzania, vikapitia Namanga mpaka soko la Thika, na juu ya akina mama wanaovifuata na kuviuza. Alikuja hapa kwetu Jumapili moja, akala nduma kwa chai, akasema anaogopa kusimama mbele ya maprofesa. Ukamwambia, "Wewe utasoma kwanza. Wakubwa watakungoja wewe." Nilikuwa nimeshika birika, nikasikia. Kabla muhula haujaisha ukafa, na ahadi ikabaki hapa mezani pamoja nami.

Idara haimruhusu mwanafunzi kukabidhi tasnifu kabla hajasoma kazi yake hadharani. Sheria hiyo mliitunga ninyi wenyewe, na wewe ulikuwa ukijivunia. Haya. Mwaka wa kwanza walimweka Mutheu kabla ya chakula. Mgeni wa heshima akachelewa, ratiba ikasukumwa, jina lake likaanguka. Mwaka jana wakamweka baada ya chakula. Baada ya chakula, Baba Njeri! Waliobaki ukumbini walikuwa wahudumu wanaokunja vitambaa vya meza, na mwenyekiti wa idara akaahirisha. Mwaka huu chuo kimemwambia kwamba muda wake wa masomo unaisha. Asiposoma safari hii, anaanza upya, kana kwamba hajaandika hata neno.

Alinipigia simu wiki moja kabla. "Mama, nimeuliza mpaka nimechoka," akasema. "Wananiambia tu, 'Relax, utapata slot.'"

Basi Jumamosi asubuhi nikaitoa kengele, nikaipangusa unga, nikaifunga kwa leso na kuitia kwenye kiondo. Sikuwa na mpango. Niliibeba tu, kama mtu anavyobeba mwavuli akiona mawingu.

Ratiba ilisema saa tatu. Mgeni wa heshima alifika karibu saa sita. Emsii, kijana mmoja wa suti ya kubana, akashika kipaza sauti akasema, "Itifaki imezingatiwa." Nikamshukuru Mungu. Kisha akaanza kuizingatia upya, mtu mmoja mmoja. "Wacha ni-recognize mheshimiwa wetu. Tuko pia na chairman wa bodi, mpatie makofi ya kilo. Kuna mtu nimesahau? Usiskie vibaya, inua tu mkono."

Na watu wakainua! Maprofesa wazima wa uhusiano wa kimataifa, wanaojua mikataba yote ya kanda hii, wakinyoosha mikono kama watoto wangu wa darasa la kwanza wanaotaka kwenda msalani. Kila aliyetambuliwa alisimama. Kwa kuwa amesimama, akasalimu. Na kwa kuwa amesalimu, akakukumbuka. Mmoja alisema mlikuwa kama ndugu. Huyo ndiye aliyekunyima ile ofisi yenye dirisha.

Mgeni wa heshima akasema hatazungumza mengi. Ukisikia hivyo, vua viatu upumzishe miguu. Alitupeleka Arusha, akatuvusha hadi Ulaya, akaturudisha kwa fursa, na alipoanza changamoto harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia ukumbini. Nikageuka kumtafuta Mutheu. Alikuwa safu ya nyuma kabisa, karatasi mapajani, midomo ikicheza, bado anajizoeza. Nikageuka mbele tena. Mwenyekiti wa idara alikuwa amemwinamia emsii sikioni, na emsii ameshika ratiba na kalamu. Sikuhitaji kuambiwa ni jina gani linakatwa.

Nikapiga.

Nilikuwa nimesahau jinsi ile kengele ilivyo na sauti. Mhudumu aliangusha kijiko.

"Nani huyo?" mgeni wa heshima akauliza.

Safari hii nikasimama bila kuambiwa. "Ni mimi, mjane wa marehemu. Mmenitambua. Muda wako umeisha, mheshimiwa."

Mwenyekiti wa idara akanijia mbio, ameinama kama mtu anayepita mbele ya kamera. "Mama, tafadhali. Kaa kidogo, tutapanga."

"Kukaa nimekaa miaka mitatu," nikamwambia. "Wewe ulipigiwa hii kengele ukiwa mwanafunzi, ukasoma, ukapata kazi. Mutheu naye asome. Pilau itangoja."

Huko nyuma mtu akacheka, akafuata mwingine. Walikuwa wale wa lile darasa la madirisha mabovu, sasa wana vipara na miwani. Wakaanza kupiga makofi. Mgeni wa heshima, nimpe haki yake, aliketi.

Mutheu akaja mbele. Alianza kwa sauti ndogo, kisha akafika kwa yule mama aliyekwama mpakani na magunia yake, akingoja muhuri huku vitunguu vinaota, na hapo sauti ikamtoka. Akauliza kama soko la pamoja ni la maafisa peke yao. Hakuna aliyetazama simu. Dakika kumi zikafika, na unajua alichofanya? Alinyamaza katikati ya sentensi, akanitazama. Bado alikuwa na ukurasa mmoja mkononi. Ndivyo ulivyowafunza, wangoje kengele.

Wewe ungepiga. Najua ungepiga, hukuwahi kumwonea mtu huruma. Mimi niliingiza vidole ndani ya kengele nikaushika ulimi wake usicheze, nikamwambia, "Endelea, mwanangu. Maliza."

Akamaliza. Jumatatu akanipigia simu akilia: idara imekubali, atakabidhi tasnifu mwezi huu. Jioni yake mwenyekiti naye akapiga. Alisema, kwa heshima zote, kwamba mwaka ujao familia inaweza kuwakilishwa na ua. Nikamwambia ua halina mikono.

Lakini hasira haijaisha, na leo nimeelewa kwa nini. Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa nikikusema juu ya viatu vyako. Ulikuwa mlangoni, mkoba begani, ukacheka ukasema, "Tutamaliza jioni." Jioni nilikuwa hospitalini na daktari ananishika bega. Hatukumaliza, Baba Njeri. Ninazo sentensi zangu zote mpaka leo. Naweza kusema kutoka asubuhi hadi usiku katika nyumba hii, na zulia ni safi, na hakuna anayenikatiza. Nimekukosa mpaka nachukia. Viatu vyako nimevisafisha, viko pale pale mlangoni.

Pumzika sasa, mume wangu, mhadhara umekwisha. Kengele iko kwenye debe la unga, na unga unakaa kabati la chini, upande wa kushoto wa jiko.

Ni mimi, mwenye kengele,
Mama Njeri