Luhende, Oili Ulikuwa Unaimimina Kimya Kimya

Luhende mwanangu,

Una roho gani wewe? Tangu tukufukie, pamba tumepanda, tumepalilia, tumevuna, na hujaja hata ndotoni mara moja ukaniuliza, mayu, mama yangu, umeamkaje? Wenzangu wafu wao wanawatembelea mpaka wanawachoka. Mimi nalala nimeacha nafasi kitandani kama mjinga. Basi kwa kuwa huji, nimemkalisha mkeo Milembe aandike, maana kalamu sijui hata inashikwaje. Nimemwambia asilainishe kitu.

Nimemvunja mdogo wako mkono.

Ndiyo, Masalu. Kwa mchi wa kinu. Ningekuwa na nguvu za zamani ningevunja yote miwili.

Kile kigari chako tulimwachia yeye, abebe abiria wa Ngulyati na Bariadi, tupate kula. Msiba haujapoa, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akachomoa kijiti cha kupimia, kikavu. Akajaza. Siku nne tu, kikavu tena. Pale gari linapolala, chini hakuna tone. Nyuma hakuna moshi. Fundi akachungulia, akakuna kichwa, akasema haoni kitu. Masalu akaenda kwa mganga, na yule mshenzi akamwambia: kuna bibi mwenye macho mekundu jirani yenu, ndiye aliyemla kaka yako, sasa anakunywa oili ya gari lake. Masalu akaamini, kwa sababu ilimwingia akilini: ulipokuwa hai oili haikupungua hata kidogo, ulipozikwa tu ikaanza.

Na bibi huyo ni nani kama si Kabula? Kabula aliyekukata kitovu, akakuchapa matakoni mpaka ukalia.

Walikuja jua la saa saba, yeye na wenzake wawili, na mapanga. Kabula alikuwa uani kwangu tunatwanga mtama. Hakukimbia, Luhende. Bibi wa umri wetu akimbilie wapi? Masalu akamshika kilemba, akamvuta, Kabula akaanguka pamoja na kinu. Panga likapanda juu. Nikampiga. Mfupa niliusikia. Panga likaanguka, likamchana Kabula kisigino, damu ikaingia kwenye mtama.

Mwenzake mmoja akasema, "Toka hapo bibi, na wewe hatuna neno."

Nikamwambia, "Niangalie machoni, mbwa wewe! Yangu ni meupe? Tumepikia mavi ya ng'ombe maisha yetu yote, mimi na yeye, moshi ule ule. Anza na mimi!" Nikamtandika begani. Wakatimka wote wawili. Masalu akabaki chini analia, "Mayu, umeniua." Nami namlilia, huku nataka kumpiga tena. Mtoto wa tumbo langu. Yule yule niliyembeba mgongoni.

Milembe anasita hapa. Andika, mwanamke!

Kesho yake Masalu karudi kutoka hospitali na plasta mkononi, bado anabweka: mbona kaka alipokuwa hai oili haikupungua? Milembe akaguna. Akaenda nyuma ya ghala, akarudi na dumu dogo, ndani jeusi tii. Akasema kila asubuhi ulikuwa unalimiminia gari oili kabla hatujaamka, na ulimkataza kusema. Yeye alidhani magari yote hunyweshwa asubuhi kama ndama!

Uliogopa nini, Luhende? Kwamba nitasema ng'ombe wangu watatu niliokuuzia wamenunua gari kimeo? Ningesema. Ningekutukana mpaka Malampaka wasikie, halafu ningekupikia ule. Ona sasa aibu yako ilitaka kuchinja nani.

Basi nikasema gari liwashwe, lingurume hapo hapo liliposimama. Nikachukua pamba mpya, nyeupe, nikaitandika chini ya injini yote. Kabula alikaa karibu, mguu umefungwa kitambaa, anatazama kama mtu anayesubiri hukumu yake. Likanguruma. Tone moja jeusi likaanguka juu ya pamba. La pili. La tatu. Tukazima, yakakoma. Fundi akaitwa, akafuata tone kwenda juu, akakuta kile kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, kinachowasha taa ya oili. Kilikuwa kinatema gari likiwa linaunguruma tu, barabara inakunywa. Kimewekwa kipya. Kijiti sasa hakikauki.

Masalu nimempigisha magoti mbele ya Kabula. Kaomba msamaha mpaka kamasi. Kabula akamtazama, akasema, "Mwanangu, nikikuona bado naliona panga." Basi. Hajamsamehe, na mimi simhimizi. Siku hizi tukitwanga hataki kuipa njia mgongo.

Nina hasira na wewe. Nakupenda mpaka nauma meno, na nina hasira. Lakini nakuahidi: mchi uko mlangoni. Anayemtaka Kabula atapita juu yangu kwanza, hata akiwa mtoto niliyemzaa.

Lala, ng'wanone, mwanangu. Udongo usikulemee.

Na ukija ndotoni usianzie kwangu. Anzia kwa Kabula. Jitaje jina ukiwa bado mbali, maana hatua za mwanaume nyuma yake zinamtetemesha. Na uende mikono mitupu, uinyooshe mbele, aione.