Pingamizi la Sosaia

Jumatatu, 6 Machi
Mpimaji kamaliza! Kiwanja kinagawanyika vizuri — nyumba yangu mbele, ya binti yangu Lesieli nyuma. Yeye na kichanga chake watatoka gereji wanamolala. Huku Māngere, mtaa waliohamia wazazi wetu kutoka visiwa vya Tonga, siku hizi wanaruhusu nyumba mbili kwa kiwanja. Kilichobaki ni kibali cha halmashauri.
Mdogo wangu Sosaia, ambaye ndiye jirani yangu, kaja kunisaidia fomu. Yeye barazani, mimi ndani — adabu zetu Watonga, kaka na dada hawakai chumba kimoja. Swali moja likanikwamisha: je, eneo limewahi kufurika? "Andika hapana, dada. Mfereji ulishachimbwa. Nani anakumbuka?"
Nikaandika hapana.

Alhamisi, 16 Machi
Bi Kirsty, afisa mipango miji, kapiga simu. Pingamizi moja. Moja tu! Litasikilizwa tarehe thelathini na moja. Nakala inakuja kwa posta. Nikampelekea Sosaia habari, pamoja na bakuli la lu, majani ya magimbi kwa tui na nyama ya kopo. Akasema huyo ni yule mzee wa kona, hapendi kelele za mafundi. Tukacheka. Akala yote.

Jumanne, 21 Machi
Barua imefika. Jina la Sosaia. Sahihi yake. Na picha: mwaka 1988, uani kwa wazazi wetu, ardhi hii hii. Maji mapajani, mtoto wa kike kabeba kuku kichwani. Mimi. Picha hiyo ipo moja tu duniani, kwenye albamu ya mama, na albamu anayo yeye.
Na lu yangu kala!

Ijumaa, 24 Machi
Leo nimejua sababu. Mke wa Sosaia kamwambia Lesieli kwenye mazoezi ya kwaya, huku analia. Kuna tajiri anataka kujenga maghorofa. Anataka viwanja vyote viwili, changu na cha Sosaia, au basi. Mimi nilishamkataa mwaka jana. Sosaia anaona nikinyimwa kibali nitachoka, nitauza.
Lesieli anafoka: "Mama, waambie halmashauri mbele yake! Yeye ndiye aliyekuandikisha uongo!"
 Kwetu dada ana cheo juu ya kaka. Neno langu moja hadharani litamvua nguo. Halafu — mkono ulioandika hapana ni wangu.

Ijumaa, 31 Machi. Halmashauri, koridoni
Mapumziko, dakika kumi. Naandika nyuma ya ajenda.
Mwenyekiti aliinua ile picha. "Mama, mtoto huyu unamfahamu?"  Bi Kirsty ndiye aliyeniombea mapumziko.
Nikikiri, fomu ni ya uongo, na Lesieli anarudi gereji. Nikikana, namkana mama, maana ndiye aliyepiga picha. Nikimtaja Sosaia...
Yuko nje ya mlango wa kioo. Huku kuna viti vitatu vitupu, naye mvua inampiga bega. Haingii. Hawezi kukaa alipo dada yake — ni utovu wa adabu! Kunichongea kaweza. Kukalia kiti hathubutu.
Nimemwita: "Sosaia, ingia. Unalowa."
"Niko sawa, dada." Macho chini.
Nikasema tena, ingia. Kaweka mguu mmoja ndani, kausimamisha hapo.
Wanatuita. Lesieli keshasimama, ananivuta mkono. Sosaia ananitazama mdomo, anasubiri kama nitamtaja —