Kikombe cha Baba Mkwe

Shangazi Monowara,

Nakuandikia mtoto akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko unisamehe, na shida yangu ni ya choo, samahani tena, ila sina mwingine wa kumwambia. Baba mkwe wangu ana kibanda cha chai hapa Khulna, mtu wa heshima, wiki iliyopita tumbo likamwendesha, maji meupe kama ya kuoshea mchele, tukamnywesha maji ya chumvi na sukari mpaka macho yakarudi mahali pake, ndipo akaja Dada Lutfa wa afya na vile vijiti vyake vya kupimia kipindupindu, anachovya kwenye choo cha mgonjwa na ikitokea mistari miwili wanakuja kukagua bomba la mtaa na kutia dawa. Akaacha kikombe. Mimi mke wa mwana siwezi kumwomba baba mkwe kitu kama kile, nikampa mama mkwe, naye mzee akamjibu, "Mimi nimehiji. Choo changu hakitembezwi mtaani." Basi mama mkwe akachukua cha mwanangu, mzima kabisa, akakikoroga na maji, akakabidhi.

Ukatoka mstari mmoja. Dada Lutfa akashukuru, akaenda mtaa mwingine, na bomba letu linaendelea kupita ndani ya mtaro wa maji machafu. Baba mkwe sasa anawaambia wateja kwamba tumbo lake limepimwa na serikali likaonekana safi, kosa lilikuwa la fenesi. Jana binti wa jirani yangu Jharna alianza kuharisha maji yale yale. Nilipomwambia mama mkwe tuseme, akanijibu, "Ukimvua mzee wako nguo sokoni, usidhani wewe utabaki na ya kwako."

Nampenda yule mzee, shangazi. Ndiye anayembeba mwanangu nikizidiwa na usingizi. Lakini mwanangu anakunywa maji ya bomba lile, na kunyamaza siwezi tena. Nianzie wapi?

Mkwe, Khulna

*

Binti yangu,

Sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, na haya ndiyo niliyokuambia, nayarudia kwa faida ya nyumba nyingine zenye wazee wa heshima.

Pole kwa uchovu. Ila ulikuwa na nafasi ya kutafuta bahasha na hukuwa na nafasi ya kuvuka uchochoro kwa Jharna? Nenda. Mtoto wake anyweshwe maji ya chumvi na sukari sasa hivi, asingoje kijiti. Akishindwa kunywa, abebwe hospitali. Kijiti hakimponyi mtu. Kazi yake ni kutuonyesha bomba la kukimbilia kutia dawa, na chenu kimedanganywa.

Kisha mwambie Dada Lutfa, mkiwa wawili, kwamba kile kikombe hakikuwa cha mgonjwa. Aje achukue cha binti wa Jharna, kabla hajapewa kidonge cha dukani kikaharibu kipimo. Habari za Hija ya mzee hahitaji.

Maji ya kunywa yachemsheni. Chai ya mzee imechemka, sina neno nayo. Vikombe vinasuuzwa kwa maji gani? Ndiyo hapo.

Mama mkwe usigombane naye. Ana kipaji, akitumie kwingine.

Mzee akijua atanuna. Mpelekee chakula chake kama kawaida, mpe mjukuu wake ambebe, mwache anune. Anayenuna yu hai.