Beseni la masuku la shangazi Tadea

Skola, uko wapi wewe?! Umeikosa kichen pati ya Siwema!

Shangazi Tadea kaja na zawadi yake, beseni la masuku, yale matunda ya porini. Masuku, Skola! Katikati ya mablenda na chupa za chai!

MC Rosina akacheka kwenye maiki, "Jamani, hiki si chakula cha nyani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Shangazi akamnyang'anya maiki! "Rosina, miezi ya njaa mama yako alikula haya ndiyo akapata maziwa ya kukunyonyesha. Yana vitamini C. Ushaona nyani anatafuta vidonge?"



Akayagawa meza kwa meza, akamruka MC tu. Soda zikadoda.

Baadaye Rosina akamnong'oneza, "Shangazi, nibakizie hata moja."

Shangazi akamjibu kwenye maiki, "Yameisha, mwanangu. Nyani tumeyamaliza."